Majoka Wenye Adabu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Fantasia Iliyooana na Riwaya ya Enzi ya Victoria

Hii ni hadithi ya namna gani hasa?

Fikiria riwaya ya Kiingereza ya wakati wa Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi alipofariki 1901. Ndani yake kuna familia mbili tatu za heshima, kasisi kijana anayetamani makubwa, binti asiye na mali anayependwa na mrithi wa kasri, mama wa huyo mrithi aliyekunja uso, na wasia unaozaa kesi. Hakuna jeshi wala upanga wa ajabu. Kinachowatisha wahusika ni barua iliyofika asubuhi, ziara ya alasiri, au neno lililoponyoka mbele ya watu.

Halafu wahusika wote wawe majoka. Wana magamba, mikia na mabawa, na bado wanaulizana nani atamwoa nani na ana kipato gani kwa mwaka. Fantasia inaleta mwili wa joka, na riwaya ya adabu inaleta kila kitu kingine.

Kwa nini majoka? Kwa nini isiwe majini au wachawi?

Kwa sababu ya dhahabu. Joka wa hadithi za kale za Ulaya ya kaskazini ni mweka akiba. Katika utenzi wa Beowulf, joka amelalia hazina yake kwa karne tatu, na anakuja kuteketeza nchi kwa sababu mtu mmoja ameiba kikombe kimoja tu. Mwenye mali akilipuka kwa kupungukiwa kitu kidogo ni mhusika wa riwaya ya Kivictoria aliyekamilika. Anakosa kofia tu. Waandishi wa enzi ile hawakuona haya kutaja fedha. Kabla hujajua rangi ya macho ya bwana harusi, umeshaambiwa anaingiza pauni ngapi.

Sababu ya pili ni ukubwa. Binadamu tajiri na binadamu maskini ukiwavua nguo wanafanana. Majoka hawafanani: mkubwa anamzidi mdogo kwa urefu, meno na moto. Cheo kinaonekana kwa macho, na mwenye cheo anaweza kukumeza. Jini hakupi hilo, maana jini hubadili umbo apendavyo, na riwaya ya adabu inataka watu wasioweza kutoka katika umbo walilozaliwa nalo.

Kitabu kinachotajwa kila mara ni kipi, na kinahusu nini?

Ni *Tooth and Claw* cha Jo Walton, mwandishi mzaliwa wa Wales anayeishi Montreal, Kanada. Kilitoka 2003, na 2004 kikashinda World Fantasy Award ya riwaya bora. Wapo waliowahi kuchanganya majoka na adabu kabla na baada yake, lakini sioni aliyeufuata mchanganyiko huu mpaka mwisho wa njia kama yeye.

Mzee Bon Agornin yuko mahututi. Watoto wake wamekusanyika: Penn, ambaye ni kasisi, Avan, anayetafuta riziki mjini, Berend, aliyeolewa na bwana mkubwa aitwaye Daverak, na mabinti wawili ambao hawajaolewa, Selendra na Haner. Katika jamii hii marehemu hazikwi. Analiwa, na wanaomla ni warithi wake. Nyama ya joka ndiyo inayomkuza joka mwenzake, kwa hiyo anayepata pande kubwa la baba anaongezeka urefu na nguvu, na mwili wenyewe ndio mirathi. Bon alikusudia watatu wasiojiweza, yaani Avan, Selendra na Haner, ndio wapate sehemu kubwa. Daverak anadai usia ule ulihusu dhahabu tu, anakula mapande yasiyo haki yake, na Avan anakwenda mahakamani. Penn aliyasikia maneno ya mwisho ya baba, lakini aliyasikia pamoja na maungamo ambayo kanisa lake linayakataza. Akisimama kizimbani kusema ukweli, anaweza kupoteza kazi.

Angalia karamu ile ya msiba ilivyoandikwa. Hakuna hata mmoja chumbani anayeshangaa kwamba baba analiwa. Kinachowaudhi ni kwamba mkwe amejipakulia zaidi ya fungu lake. Kila aliyewahi kukaa kikao cha kugawana mali ya marehemu anaujua ukimya wa chumba kile.

Halafu kuna suala la rangi. Majoka wa kike ambao hawajaolewa wana magamba ya rangi ya dhahabu. Dume akimsogelea binti kupita mpaka, magamba yanageuka waridi. Anayegeuka akiwa na mchumba amegeuka kwa heshima. Anayegeuka bila mchumba ameharibikiwa, na jamii nzima inamwona. Selendra anabanwa na kasisi mmoja asiyemtaka, rangi inaanza kuingia, na mtumishi wao mzee, Amer, anampikia dawa ya kuirudisha dhahabu. Dawa inasaidia, lakini hofu inabaki: je, siku akimpata ampendaye, rangi itakuja?

Wazo hilo lilitoka wapi?

Walton mwenyewe anaeleza mwanzoni mwa kitabu. Riwaya za Kivictoria zinashikilia mambo fulani kuhusu wanawake na mapenzi kana kwamba ni maumbile: kwamba binti ana penzi moja tu maishani, kwamba akiguswa amechafuka, kwamba asiyeolewa anasinyaa. Wanawake halisi hawako hivyo. Yeye akajiuliza dunia ingekuwaje kama mambo hayo yangekuwa kweli kibaiolojia, na jibu lake likawa majoka.

Ndiyo maana nasema hiki si kitabu cha kuwacheka majoka waliovaa kofia. Kinazishika kanuni za watu wale na kuzifanya nyama na damu, halafu kinamwacha msomaji aone ukatili wake. Katika riwaya ya kawaida mtumishi hana uhuru. Hapa mtumishi amefungwa mabawa. Katika riwaya ya kawaida watoto wa wapangaji dhaifu wanakufa kwa njaa kimyakimya. Hapa mwenye shamba anakuja kuwala, na ana haki ya kisheria.

Trollope, ambaye Walton anamwegemea, ni nani? Lazima nimsome kwanza?

Anthony Trollope (1815–1882) alikuwa mtumishi wa Posta ya Uingereza aliyeandika riwaya 47. Ndiye aliyependekeza masanduku ya barua ya barabarani yajaribiwe katika visiwa vya Channel, na ya kwanza yakawekwa Jersey mwaka 1852. Alikuwa akiamshwa alfajiri na mtumishi wake, aliyeongezewa pauni 5 kwa mwaka kwa kazi hiyo, na saa kumi na moja na nusu tayari yuko mezani. Aliweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Alipoyaeleza hayo katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1883 baada ya kufa, wasomi wengi walimdharau kwa kuifanya sanaa kama kazi ya kiwandani. Mimi namheshimu zaidi kwa hilo.

Kitabu chake ambacho Walton anakiri kukiegemea ni *Framley Parsonage*, kilichoanza kutoka kwa mfululizo Januari 1860 katika toleo la kwanza la jarida la Cornhill, lililouzwa shilingi moja. Mark Robarts ni kasisi kijana aliyepewa parokia yenye kipato cha pauni 900 kwa mwaka na Lady Lufton, bibi wa kasri la jirani. Anatamani kujulikana na wakubwa, anajiingiza kwa mbunge mmoja mjanja, na kwa kuona aibu kukataa anatia saini hati ya deni la pauni 400 lisilo lake. Halafu anatia nyingine ya 500. Mwisho madalali wa mahakama wamo nyumbani kwa kasisi wanaorodhesha viti. Wakati huohuo dada yake Lucy anapendwa na mtoto wa Lady Lufton, naye anamkataa kijana mpaka mama mtu aje kumwomba kwa kinywa chake mwenyewe.

Si lazima umsome kwanza. Ila ukimsoma baadaye utacheka peke yako, kwa sababu utamwona mama mkwe yule akiwa na mkia.

Watu wa enzi ile wenyewe waliandika majoka?

Waliandika, hasa kwa watoto. Mwaka 1898 Kenneth Grahame alitoa hadithi ya joka mpole anayependa mashairi na asiyetaka kupigana na mtu yeyote, na mwaka uliofuata E. Nesbit akachapisha mfululizo wa hadithi za majoka katika jarida la Strand. Joka mstaarabu, basi, si uvumbuzi wa juzi.

Jina la kitabu cha Walton nalo linatoka enzi hiyohiyo, kwenye mstari wa Tennyson katika *In Memoriam* (1850) unaosema maumbile yana meno na kucha zenye damu. Mshairi alikuwa akimlilia rafiki yake, huku akihangaika na ugunduzi wa wanajiolojia kwamba viumbe hutoweka kabisa. Miaka 9 baadaye Darwin akatoa kitabu chake kuhusu asili ya spishi. Watu wakawa wanakula chakula cha jioni kwa uma na kisu za fedha, huku kichwani wakijiuliza kama wao ni wanyama. Joka mwenye tai shingoni amezaliwa katika swali hilo.

Nataka kuandika yangu. Ni desturi na sheria zipi nizijue?

Usikariri kitabu cha mavazi. Jua fedha zinatembeaje, kwa kuwa adabu karibu zote za enzi ile zilikuwa uzio wa kulinda mali.

Anza na ndoa. Mwanamke wa Uingereza alipoolewa, kwa sheria ya kawaida fedha na vitu vyake vilikuwa vya mume, hata mshahara aliouvujia jasho. Sheria ya 1870 ilimwachia mshahara wake. Ile ya 1882 ndiyo iliyompa haki ya kumiliki mali kama vile hajaolewa. Matajiri walilikwepa tatizo mapema kwa kuweka mali ya binti mikononi mwa wadhamini. Kwa hiyo mwaka wa hadithi yako ni muhimu: binti wa 1860 na binti wa 1885 wanapochumbiwa hawaweki kitu kilekile rehani. Na kumbuka kwamba kule mali ilitoka kwa bibi harusi kwenda kwa bwana harusi, tofauti na mahari ya kwetu. Baba mwenye mabinti wanne alikuwa na madeni manne yanayosubiri.

Talaka nayo: tangu sheria ya 1857 mume aliweza kumwacha mke mahakamani kwa uzinzi peke yake. Mke alitakiwa athibitishe uzinzi pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Hapo kuna riwaya nzima, na sijaona aliyeiandika kwa majoka.

Ardhi ilikwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza. Wadogo zake wakaingia jeshini, uwakilini au kanisani. Ukasisi ulikuwa ajira yenye kipato kilichofungwa kwenye parokia, na mara nyingi mwenye haki ya kumteua kasisi alikuwa bwana au bibi wa kasri la jirani. Ndiyo maana makasisi wamejaa katika riwaya hizi: wana elimu ya bwana mkubwa na wanategemea kijiko cha mtu mwingine.

Msiba ulikuwa na kalenda. Mjane alikaa na nguo nyeusi kwa takriban miaka 2, akizipunguza weusi hatua kwa hatua, na Victoria mwenyewe hakuvua nyeusi tangu mumewe Albert alipofariki 1861. Msomaji wa kwetu anayejua eda haelezwi sana hapo.

Ziara nazo zilikuwa na kadi. Ulifika mlangoni, ukamwachia mtumishi kadi yenye jina lako, na kona iliyokunjwa ilimaanisha umeileta wewe mwenyewe. Kama hukurudishiwa ziara, umeshaambiwa ulichotakiwa kuambiwa.

Majoka wangu wanavaa kofia na kunywa chai, lakini wasomaji wanasema hadithi haina ladha. Tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba ukiwatoa majoka ukaweka watu, hakuna kinachobadilika. Joka amekuwa vazi. Dawa yake ni kuchukua kanuni moja ya jamii na kuifungia ndani ya mwili, mahali ambapo mhusika hawezi kuidanganya.

Tuchukue hiyohiyo kadi ya ziara. Tuseme majoka wako hawaachi kadi bali gamba. Kila joka hupukutisha magamba, na mlangoni pa kila nyumba ya heshima kuna bakuli la shaba la kuyapokelea. Sasa tuseme pia kwamba gamba hung'aa kwa kulalia dhahabu, na dhahabu ikiondoka kitandani gamba linafifia kwa miezi michache. Familia moja imeuza hazina yake kimyakimya ili kulipa deni la kaka. Binti anakwenda kumtembelea mama wa mchumba wake:

> Mtumishi alishika bakuli kwa mikono miwili. Emmeline alichagua gamba la chini ya bawa, ambako mwanga haufiki sana, akalidondosha. Lilitoa sauti kama ya mengine.
>
> "Bibi atafurahi kujua umefika," alisema mtumishi, akiwa hajaliangalia.
>
> Kwenye ngazi alilisogeza juu ya yale ya wageni wa asubuhi, akasimama kidogo, kisha akalifunika kwa gamba la mke wa askofu.

Hakuna aliyesema neno baya, lakini deni limeonekana, na mtumishi amejiingiza katika siri ambayo baadaye itamgharimu au itamlipa. Ukimweka binadamu hapo, kadi yake ingesema uongo vizuri tu. Hiyo ndiyo kazi ya joka.

Kanuni moja au mbili zinatosha. Ukiweka kumi utakuwa unaandika kamusi ya viumbe.

Binadamu wawekwe wapi?

Mbali. Walton anao, chini ya jina jingine, nje ya mipaka ya nchi ya majoka, na wanatajwa kwa chukizo kama watu wasiojua ustaarabu. Mtego ni kumweka binadamu mmoja mwema ili msomaji apate pa kushika. Msomaji hamhitaji, akishakuwa na wasiwasi na ndoa ya Selendra, mkia haumsumbui tena.

Je, Jane Austen ni wa enzi hii?

Hapana. Alifariki 1817, miaka 20 kabla ya Victoria kukalia kiti. Adabu zinafanana, lakini kwa Austen hakuna reli, hakuna Darwin, na kanisa halijaanza kuogopa.

Watoto wanaweza kusoma?

Lugha ni safi na mapenzi ni ya kuangaliana. Lakini wanafamilia wanalana, na watoto dhaifu wanaliwa ukurasani bila sauti kupandishwa. Kwa kijana wa sekondari sioni shida. Kwa mtoto wa miaka minane mpe joka wa Grahame.

Inawezekana kuandika namna hii kwa Kiswahili?

Inawezekana, na nyenzo zipo. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake wa kumfunza binti yake mwenendo wa ndoa na jamii karibu 1858, Trollope akiwa hai na kalamu mkononi. Shaaban Robert alituweka katika nchi ya angani katika *Kusadikika* (1951), kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hatishwi na mahali pasipokuwapo.

Ugumu uko kwenye mazungumzo. Katika riwaya za Kiingereza, siku kijana anapomwita binti kwa jina lake la kwanza ni siku ya tukio. Sisi tuna "wewe" mmoja kwa wote, lakini tuna mambo mengine: nani anaanza kusalimia, nani anaitwa Mama Fulani na nani anaitwa kwa jina tupu, nani anatumwa kupeleka posa na nani anajibu kwa niaba ya baba. Mshenga mwenye mabawa, anayelipwa kwa kuruka na maneno ambayo hakuyatunga, ni mhusika ambaye Waingereza hawakuwa naye. Lakini ukiamua hadithi yako ni ya Uingereza, iache iwe ya Uingereza: usimvalishe joka wa London kanga ili umfanye ndugu yetu.

Nikimaliza *Tooth and Claw*, nisome nini?

Kama ulipenda kesi na mama mkwe, nenda moja kwa moja *Framley Parsonage*. Ni cha nne kati ya vitabu sita vya mfululizo wa Trollope uitwao Barsetshire, ila kinasomeka peke yake.

Kama ulipenda majoka zaidi ya wosia, jaribu mfululizo wa Temeraire wa Naomi Novik, ulioanza 2006. Huo ni wa vita vya Napoleon, kwa hiyo Victoria bado hajazaliwa, na majoka ni askari wa anga wenye manahodha. Adabu zipo, lakini mizinga inazikatiza. Marie Brennan, kuanzia *A Natural History of Dragons* (2013), anaandika kumbukumbu za bibi msomi anayewachunguza majoka kisayansi katika dunia ya kubuni inayofanana na Uingereza ya wakati huo. Majoka wake ni wanyama, hawasemi. Anayepigana na adabu ni yule bibi, ambaye jamii yake haitaki mwanamke achafue mikono kwa kupasua mizoga. Anza na Brennan kama unapenda sayansi, na Novik kama unapenda meli.